Je, wajua kwa nini The Hobbit ya 1937 inapiganiwa mnadani?

Agosti 2025 pale Bristol, Uingereza, kitabu kimoja cha hadithi ya watoto kilipigwa mnada kikaenda kwa pauni 43,000, na kilikutwa tu kwenye kabati la vitabu watu walipokuwa wanaondoa vitu kwenye nyumba. Ni The Hobbit ya mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien, chapa ya kwanza kabisa. Kilipotoka Septemba 1937 kiliuzwa shilingi 7 na peni 6 za Kiingereza.

Sasa pauni zote hizo za nini? Kwanza vilichapwa 1,500 tu, na kufika Desemba vilikuwa vimeisha. Halafu wasomaji wake ni watoto, na kitabu cha mtoto unakijua mwisho wake, kinachorwa kinachanwa kinamwagiwa chai.

Ila pesa ndefu iko kwenye jaketi, yaani ile karatasi ya nje inayovishwa juu ya jalada gumu, ambayo watu wengi waliivua wakaitupa. Tolkien aliichora mwenyewe, milima na msitu na dragoni, na jua alilitaka jekundu lakini wachapishaji wakamwambia rangi ya ziada ni gharama. Kwenye mkunjo wa nyuma wa jaketi hilo kuna jina Dodgson (ndiye Lewis Carroll, mwandishi wa Alice in Wonderland) limeandikwa Dodgeson, kwa hiyo hapo hapo kwa wachapishaji wakaketi na kalamu wanakata ile e kwa mkono, jaketi moja moja! Leo mnunuzi anaitafuta hiyo alama ya wino.

Na ukikisoma kitabu, hadithi yenyewe siyo uliyoizoea. Humo Gollum, kiumbe anayeishi pangoni, anaahidi kumpa Bilbo, yule hobbit shujaa wa hadithi, pete kama zawadi akishinda vitendawili, na wanaachana vizuri tu bila ugomvi. Tolkien alipoiandika The Lord of the Rings, mwendelezo wa hadithi hiyo, pete ikageuka kitu kibaya mno, ikabidi sura hiyo ibadilishwe, na toleo la 1951 ndilo lililoleta Gollum mwenye hasira tunayemjua.

Cha kuchekesha, chapa ya pili ilitoka mwaka huohuo na ilikuwa na picha za rangi, ya kwanza haina hata moja, na bado ya pili ndiyo ya bei ya chini.