Maji ya rejeta yanapotelea wapi? Kusaka uvujaji kwenye Hiace

Sentensi ninayoisikia zaidi gereji ni hii: "Fundi, gari linakula maji ila halivuji." Halili. Mfumo wa kupoza injini umefungwa pande zote, kwa hiyo maji yakipungua yana njia tatu tu: yamedondoka chini, yamegeuka mvuke juu ya chuma cha moto kabla hayajafika chini, au yameingia ndani ya injini. Kujua ni njia ipi kunatangulia spana. Hiace nyingi zinazofika kwangu zimeshabadilishwa rejeta, wota pampu na mipira yote kwa kubahatisha, na konda bado anatembea na dumu la maji chini ya siti.

Tuanze na presha, maana ndiyo inayosahaulika. Mfuniko wa rejeta ulioandikwa 0.9 unayabana maji mpaka presha ifike kama baa 0.9, na kwa presha hiyo maji matupu, usawa wa bahari, hayachemki mpaka karibu nyuzi 119. Mpira ukipata tundu la sindano, presha haijengeki, na maji yanachemka kwa 100. Ukipandisha Kitonga ukaingia Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Injini ya dizeli iliyojaza abiria na magunia inazifikia nyuzi hizo kwenye kilima bila kuwa na ugonjwa wowote. Ndiyo maana gari linalozunguka Mbagala na Kariakoo bila lawama linakwenda kuaibika Kitonga, maji bado yamo, na suka, yaani dereva, anaapa kilima kimeua injini.

Kwa hiyo mfuniko ndio wa kwanza kukaguliwa, gari likiwa limepoa kabisa. Angalia raba yake: ikichanika au kukakamaa, hapo pana njia. Katikati kuna vali ndogo inayoruhusu maji kurudi kutoka tangi la akiba injini inapopoa. Ikikwama, asubuhi unakuta mpira wa juu wa rejeta umebonyea. Springi ikichoka, tangi la akiba linafurika na mtu anaamini injini inavuja. Nunua mfuniko wenye namba ileile. Wapo wanaoweka wenye namba kubwa wakidhani wanaiongezea injini uvumilivu, na wanachopata ni rejeta iliyoachia pale plastiki inapoungana na alumini.

Baada ya hapo naleta pampu ya mkono yenye geji, naifunga kwenye mdomo wa rejeta palipokuwa na mfuniko. Injini baridi, maji yamejaa, napampu hadi 0.9, sizidishi, naacha. Kwenye injini baridi tone linabaki tone, unaliona na kuligusa. Ikiwa ya moto, tundu dogo linatoa mvuke usioonekana, na juu ya hilo kuna hatari ya kuungua. Mshale ukikaa palepale kwa robo saa, uvujaji wa nje si mkubwa, au unasubiri chuma kipate joto ndipo ufunguke. Ukishuka, kazi imeanza. Gereji zisizo na pampu hii hutoboa mfuniko mkuukuu, wakafunga vali ya tyubu, wakatumia pampu ya baiskeli. Sina ugomvi nao, mradi geji ipo. Kompresa ya kujazia matairi usiilete karibu. Inahifadhi kama baa 8, na hita ya abiria iliyo ndani ya dashibodi, inayopitiwa na maji hayohayo, itapasuka kabla hujawahi kufunga koki.

Sasa ni mkono na tochi. Maji hayakuonyeshi yalikotoka: yanatambaa kwenye bloku, feni inayapuliza nyuma, na tone linaangukia mbali na tundu. Tafuta palipolowa juu kuliko pengine pote na mbele kuliko pengine pote, pafute kwa kitambaa kikavu, usubiri uone panapolowa upya. Palipokauka nako kunasema. Kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, ikiwa nyekundu ya Toyota inaacha ukoko wa waridi, ya kijani inaacha wa kijani, na gari lililozoeshwa maji ya kisima cha Dar, yenye chumvi, linaacha ukoko mweupe. Naiamini alama hiyo kuliko dimbwi chini ya gari.

Kwenye Hiace injini imelala chini ya siti za mbele, hivyo unainua siti kisha unaingia na uvunguni. Chini ya shafti ya wota pampu kuna tundu dogo, limewekwa makusudi na kiwanda ili sili ikichoka maji yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Pitisha kidole. Kikirudi kimelowa au kimejaa ukoko, pampu imekwisha. Nimekuta tundu hilo limezibwa kwa gundi, eti uvujaji umekomeshwa! Ukishindwa kuona kabisa, tia kwenye maji rangi inayong'aa, tembeza gari, kisha usiku mulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau. Hata zile ndogo za kukagulia noti bandia husaidia.

Lakini mahali ambapo Hiace za kutoka Japani zinatutesa ni nyuma. Nyingi zina hita ya pili ya abiria, na maji ya moto yanaifikia kwa mabomba mawili ya chuma yanayopita uvunguni. Kwetu hakuna anayeiwasha hita hiyo, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kwamba ipo.

Hiace moja ya injini 5L ilikuja ikiwa na rejeta mpya na pampu mpya, na mwenye gari, mama mfanyabiashara, alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, imepasuka. Ikiegeshwa, chini pakavu. Suka wake akanipa neno lililonisaidia kuliko geji: "Fundi, mjini hainisumbui. Nikitoka barabara kuu ndo inakunywa." Nikapampu, mshale ukashuka polepole, na mbele kote pakavu. Tukainua gari. Nikapitisha mkono juu ya bomba, upande usioonekana ukiwa chini, pale linapokamatwa na kishikio chenye raba. Raba ilikuwa imefuga tope na unyevu, chuma kimelika; vidole vikarudi na kutu laini iliyochanganyika na maji ya waridi yenye utelezi. Barabara kuu injini inazunguka kwa kasi, pampu inasukuma kwa nguvu, upepo unayapeleka maji kwenye ekzosi, yanakauka hukohuko njiani.

"Mama, hedi yako nzima," nikamwambia. "Kinachovuja ni bomba la kumpashia joto abiria wa Sapporo, kwenye baridi ya Japani."

"Yaani nimenunua rejeta kwa sababu ya hita?"

Ndivyo ilivyokuwa. Tulitoa zile T mbili za mbele zinazogawa maji kwenda nyuma, tukaweka mpira mzima mahali pake. Kwa gari la Dar hiyo inatosha. Kwa linalolala Makambako au Njombe mwezi wa saba, badilisha bomba lenyewe, maana huko abiria watakudai hita yao.

Mshale ukishuka na nje kote ni kukavu, maji yameingia ndani, ya gari au ya injini. Anza na hita ya mbele kwa sababu ni rahisi: inua zulia upande wa abiria, nusa. Kulanti ina harufu tamu, na kioo cha mbele kinachoota ukungu wenye utelezi ni dalili ileile. Kama si hapo, ndipo naitilia shaka gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Washa injini baridi, mfuniko ukiwa umefungwa, shika mpira wa juu: ukikakamaa ndani ya dakika chache, maji hata vuguvugu bado, hiyo si presha ya joto, ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Kuna kipimo cha maji ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Hewa yenye moshi wa mwako inakibadilisha kuelekea kijani au njano. Kwa tundu dogo sana, naacha mfumo umepampiwa usiku kucha, asubuhi natoa hita plagi zote, zile plagi za kupasha silinda joto, ndipo napiga starta. Silinda yenye maji itayarusha nje kupitia tundu lake. Usipige starta plagi zikiwa ndani, kwa kuwa maji hayabanwi. Kinachopinda ni konrodi, chuma kinachoishika pistoni. Oili yenye rangi ya maziwa kwenye dipstiki nayo ni ushahidi, ila kipozea oili kinaweza kuleta picha hiyohiyo bila hedi kuhusika.

Dawa za kuziba rejeta, pamoja na bizari na ute wa yai, zinaweza kukufikisha nyumbani kutoka Mikumi. Zaidi ya hapo ni hasara, kwa sababu haziwezi kutofautisha tundu la uvujaji na vijia vyembamba vya rejeta. Na kung'oa themostati, vali inayoyaachia maji kwenda rejeta injini ikipata moto, ili gari "lipoe" ni tabia ambayo sijui itatutoka lini. Kwenye injini ambazo themostati ina sahani ya pili inayofunga njia ya mkato, ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kupita rejeta, na joto linapanda palepale ulipotaka lishuke.

Uvujaji ukishapatikana na kurekebishwa, bado kuna hewa. Egesha pua ikiwa imeinuka, fungua hita hadi mwisho, jaza polepole, washa bila mfuniko na uendelee kuongeza mpaka mapovu yaishe na themostati ifunguke, mpira wa chini upate moto. Ndipo ufunge. Rudia kukagua kimo asubuhi ya pili, injini ikiwa baridi. Kikishuka kidogo mara moja, hiyo ni hewa iliyobaki ikitoka. Kikishuka tena asubuhi ya tatu, rudisha ile pampu yenye geji. Kulanti ya zamani usiiache kwenye beseni uani: ni tamu, mbwa na watoto huivutia mdomoni, na ethilini glaikoli iliyomo ni sumu ya figo.