Mvua Kuzidi Wastani Si Mavuno Kuzidi: Dhana Potofu Kuhusu Utabiri wa Msimu

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikishatoa utabiri wa msimu tu, simu yangu huanza kulia. Wakulima ninaowahudumia nikiwa afisa wa kilimo, kuanzia Njoro, Rongai na Subukia kule Nakuru hadi wale wa Nyando na Muhoroni upande wa Kisumu, huwa wameshika sentensi moja kutoka redioni na wameshaipa maana yao: mvua itazidi wastani, basi mwaka huu ni wa kujaza ghala. Agosti ikifika wanarudi na hasira. "Afisa, si walisema mvua itakuwa nyingi? Mbona mahindi yangu ni magunzi matupu?" Swali hili nimelijibu shambani, sokoni, na hata matangani. Safari hii naliandika, na mengine yanayofuatana nalo.

"Wamesema itazidi wastani, kwa hivyo tutavuna"

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu anayeiamini si mkulima mvivu. Amesikiliza utabiri, amekodisha ekari mbili zaidi, amechukua mbolea kwa mkopo. Bidii anayo. Ila ameusoma utabiri vibaya.

Tuanze na zile asilimia. Utabiri wa msimu hugawanywa katika makundi matatu: chini ya wastani, karibu na wastani, na zaidi ya wastani. Tuseme eneo lenu limepewa 45 kwa zaidi ya wastani, 35 kwa karibu na wastani na 20 kwa chini. Kuna wakulima, na watangazaji pia, wanaoelewa hapo kwamba mvua itaongezeka kwa asilimia 45. Sivyo kabisa. Namba hiyo haipimi maji, inapima uwezekano. Wataalamu wasingekuwa na dalili yoyote mkononi, kila kundi lingepewa 33 hivi. Kwa hiyo 45 ina maana kwamba hali ya bahari na upepo inaelemea upande wa mvua nyingi, lakini asilimia 55 bado imebaki upande wa pili, na ndani yake imo 20 ya upungufu. Yaani misimu kumi ikitabiriwa hivyo, tarajia miwili iwe mikavu, na utabiri utakuwa haujakosea. Mzee wangu wa Rongai aliyekodisha shamba kwa kutegemea 45 kana kwamba ni 100 hakudanganywa na mtu.

Tuseme sasa mvua imekuja kweli, na imezidi wastani. Bado hujavuna. Utabiri wa msimu unazungumzia jumla ya miezi mitatu, katika eneo linaloweza kuwa kubwa kama kaunti nzima au zaidi. Mahindi hayajui jumla. Yanajua wiki hii kuna unyevu mizizini au hakuna. Milimita 300 zikimwagika kwa siku kumi na mbili za dhoruba, na milimita 300 hizo hizo zikinyesha taratibu kwa siku arobaini, kwenye karatasi ni msimu mmoja. Shambani ni njaa na shibe.

Mahindi yana wiki mbili ambazo hayasamehi: siku za kutoa mbelewele (lile ua la kileleni lenye chavua) na nywele. Kila uzi wa nywele unaoning'inia kwenye hindi changa umeungana na punje moja. Uzi usiopata chavua hauzai punje. Ukame ukiingia hapo, mbelewele humwaga chavua kwa wakati wake, lakini nywele huchelewa kutoka. Zikitokeza, chavua imeshakwisha. Menya hindi la shamba kama hilo utaona jambo lenyewe: chini karibu na kikonyo punje zimejipanga vizuri, katikati kuna punje moja moja zilizotawanyika, zimevimba kwa kukosa majirani wa kubanana nazo, na ncha yote ni gunzi tupu. Mvua ya kabla na baada ya wiki hizo mbili inaweza kuwa imevunja rekodi, na gunzi likabaki tupu vile vile.

Na hizo dhoruba za siku kumi na mbili zinafanya nini? Zinaosha nitrojeni. Mkulima ametia CAN, mbolea ya nitrojeni, mahindi yakiwa usawa wa goti, usiku imeshuka mvua ya milimita 60, na sehemu ya ile mbolea imezama chini mizizi isikofika. Wiki mbili tatu baadaye majani ya chini yanaanza kugeuka manjano kutoka kwenye ncha, umanjano ukiingia katikati ya jani kwa umbo la V. Ananiletea jani akiuliza ni ugonjwa gani. Si ugonjwa. Ni mbolea yake iliyosafiri. Sehemu nyingi za Nakuru zina udongo mwepesi wa asili ya volkano unaopitisha maji upesi, kwa hiyo huku mvua kubwa huosha na siku chache za jua hukausha. Kule uwanda wa Kano, Kisumu, ni kinyume: udongo mzito wa mfinyanzi unashika maji hadi mizizi inakosa hewa, na maharagwe yanaoza shina yakiwa bado na majani mawili. Utabiri mmoja, hasara mbili tofauti.

Ukipanda kwenda Molo, Kuresoi na Mau Narok, mvua ya kuzidi maana yake ya kwanza ni blaiti ya viazi. Baridi na majani yaliyolowa kutwa kucha ndiyo karamu ya ukungu huo. Dawa nyingi za kukinga hufanya kazi zikiwa tayari juu ya jani kabla ukungu haujaingia. Anayesubiri aone madoa meusi ndipo akimbilie agroveti ameshachelewa, na atanyunyiza mara mbili zaidi ya jirani yake. Kwa mkulima wa viazi, habari ya mvua nyingi ni habari ya gharama, na ndivyo anavyotakiwa kuisikia.

Kwa hiyo utabiri wa msimu una kazi yake, tena kubwa: kuchagua mbegu, ukubwa wa shamba na matayarisho. Ukielemea upungufu, mkulima wa Seme au Nyando apande mbegu ya mahindi ya kukomaa mapema au mtama kama Seredo, asiniletee habari za mbegu ya H614 inayohitaji nyanda za juu na miezi sita na zaidi. Ukielemea wingi, chimba mitaro, inua matuta, weka akiba ya dawa ya ukungu, gawa CAN yako mara mbili badala ya kuimwaga yote siku moja. Lakini siku ya kupanda, ya kutia mbolea, ya kunyunyiza na ya kuanika haitoki kwenye utabiri wa msimu hata kidogo. Inatoka kwenye utabiri wa siku saba na ule wa siku tano, ambao Idara huutoa bila malipo na ambao karibu hakuna anayeniuliza habari zake. Hapo ndipo subira yangu inapokwisha. Watu wanabishana Machi nzima kuhusu karatasi ya miezi mitatu, halafu wanatia mbolea jioni ambayo utabiri wa wiki umeonya kuhusu mvua kubwa.

Na pimeni mvua yenu wenyewe. Hili nitalirudia hadi nistaafu. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, lisilo pana juu na jembamba chini, lifunge kwenye nguzo mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Kila siku saa tatu asubuhi tumbukiza rula, soma milimita, andika kwenye daftari, mwaga. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba, kwa hiyo ekari moja hupokea lita elfu nne hivi kwa milimita moja tu. Mvua ya milimita 25 imekuletea lita laki moja. Mkulima mwenye daftari la misimu mitatu anaelewa neno "wastani" la kwake kuliko mimi, na tukikaa kuzungumza tunazungumza juu ya shamba, si juu ya redio.

"Mvua ya kwanza ikishuka, panda"

Mvua moja si msimu. Kipimo kinachotumika sana kuhesabu mwanzo wa mvua ni angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, na baada yake pasiwe na kipindi kirefu cha ukavu, wiki nzima au zaidi, katika wiki tatu zinazofuata. Sehemu ya kwanza utaisoma kwenye kopo lako. Ya pili utaikadiria kwa utabiri wa wiki. Chimba pia kwa jembe uone unyevu umefika wapi: ukiishia kina cha vidole viwili, juu kumelowa na chini ni vumbi, acha. Mbegu itaota kwa unyevu huo na kufa kwa kukosa mwingine. Ekari moja hula kilo 10 za mbegu ya mahindi, na sijaona duka linalorudisha pesa kwa sababu mvua ilikatika.

Wanaopanda kwenye vumbi kabla ya mvua siwapingi, mradi waifukie mbegu kina cha kutosha ili manyunyu ya kupita yasiiamshe. Hiyo ni mbinu. Kukimbilia shamba kwa sababu bati limelia usiku mmoja si mbinu.

"Mvua ndefu huisha Mei"

Huisha Mei kwa Nairobi na Ukambani. Redio ikitangaza kukoma kwa mvua ya Machi hadi Mei, sikiliza maeneo yanayotajwa. Nyanda za juu za magharibi na Bonde la Ufa la kati huendelea kupata mvua Juni, Julai na Agosti. Kitale na Nakuru huwa na kilele kingine katika miezi hiyo. Huku Juni hadi Agosti si kiangazi, na zile ramani nyekundu za joto la Ulaya mnazotumiana kwenye simu hazihusu shamba lolote la Kenya. Idara hutoa utabiri wa Juni hadi Agosti kwa ajili yetu hasa, na ndio unaoangukia ile wiki ya nywele kwa waliopanda Aprili. Ungekuwa wa kusomwa kuliko mwingine wowote.

"El Nino ni gharika"

El Nino, yaani Bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida, huongeza uwezekano wa mvua kubwa Oktoba hadi Desemba, na ndivyo ilivyokuwa 1997 na 2023. Lakini El Nino ya 2015 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa, na mvua yetu haikukaribia ya 1997. Mwaka 2019 tulifurika bila El Nino yenye nguvu, kwa sababu Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kupita kawaida na upande wa Indonesia baridi. Tazameni bahari zote mbili. Tena, El Nino inayoanza katikati ya mwaka huelekea kupunguza mvua ya Juni hadi Septemba kutoka Ethiopia hadi magharibi mwa Kenya, kwa hiyo mkulima wa Trans Nzoia anayesikia jina hilo Juni na kushangilia ameshangilia mapema.

"Wazee wanajua, Idara haijui"

Wengine husema kinyume, na wote wanakosea. Ukoo wa Nganyi kule Bunyore, Vihiga, unaojulikana vizazi na vizazi kwa kusoma miti, wadudu, ndege na upepo, umekaa meza moja na wanasayansi wa Idara ili kulinganisha wanachokiona na kutoa utabiri wa pamoja kwa wakulima. Wazee wenyewe hawakuona aibu kukaa. Sioni kwa nini mjukuu aliyeko Kisumu mjini aone.

"Baridi ya Julai ni kwa sababu dunia imekwenda mbali na jua"

Ujumbe huu husambazwa kila mwaka na kila mwaka naufuta. Mapema Julai dunia huwa kilomita milioni 152 hivi kutoka kwa jua, na mapema Januari milioni 147. Tofauti ni ndogo, na haileti mafua wala haiui miche. Baridi yetu ya Julai ni ya mawingu mazito na upepo wa kusini-mashariki unaotoka upande wa dunia ulio katika majira ya baridi.

"Mvua ya Oktoba ikiwa nyingi ni baraka kwa kila mtu"

Ni baraka kwa aliyepanda msimu mfupi Kisumu na Siaya. Kwa wewe wa Rongai, Njoro au Kitale mwenye mahindi yaliyokomaa yakiwa bado yamesimama shambani, utabiri huo huo ni onyo. Bodi ya Nafaka hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na hindi linalolowa likikauka, likilowa tena, huota kuvu inayoleta sumu ya aflatoksini ambayo kupika hakuiondoi. Utabiri wa Oktoba ukielemea wingi, usisubiri Desemba. Vuna majani yakishakauka na punje ikishafanya doa jeusi pale inaposhikana na gunzi, yaingize kwenye kihenge chenye kuta za kupitisha hewa, kisiwe kipana kuzidi mita moja na nusu, tafuta turubai mapema kabla bei haijapanda, na ulizia sasa hivi ni nani kwenye kikundi chenu mwenye kipima unyevu kinachofanya kazi.