Mdaka-nzi wa kijivu si lazima awe mgeni wa Ulaya

Ukimwona ndege mdogo wa kijivu, hana hata rangi ya kujivunia, kwenye migunga ya Tsavo au Tarangire, wengi husema: huyo ni yule mhamiaji wa Ulaya, Muscicapa striata. Mara nyingi siye. Mgeni huyo hufika karibu Oktoba na kuondoka Aprili. Wa Julai ni mwenyeji.

Tazama kifua. Mgeni ana michirizi utosini na kifuani pia. Mdaka-nzi wa kijivu wa kwetu ana michirizi myembamba utosini tu, kifua kitupu. Halafu subiri ale: mgeni hukamata mdudu hewani akarudi tawini, mwenyeji hupenda kushuka chini. Mimi huamini kifua kwanza.