Je, 0.999... (tisa zisizoisha) ni moja kamili au ni "karibu moja"?

Watu watatu wamechanga mtaji wa dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, faida ni shilingi 100,000. Simu inawaambia kila mmoja achukue 33,333.333 na kuendelea. Wanachukua 33,333 kila mmoja, inabaki shilingi ambayo hakuna wa kuigombania, maana hata sarafu yake huioni tena sokoni. Nadhani ubishi wa 0.999... unaanzia kwenye mazoea kama haya: tumezoea kuwa ukigawa kwa tatu kisha ukarudisha pamoja, kuna kitu kinapotea njiani.

Dhana: 0.999... ni ndogo kuliko 1, ila kwa kiasi kidogo mno

Hii ndiyo wengi wanaing'ang'ania, hata waliofaulu hisabati vizuri. Ajabu ni kwamba haohao wanakubali bila kinyongo kuwa theluthi ni 0.333... Zidisha kwa tatu pande zote mbili uone unachopata.

Asiyeridhika atutajie pengo lenyewe. 0.9 imepungukiwa sehemu moja ya kumi, 0.99 moja ya mia, 0.999 moja ya elfu. Akisema pengo ni sehemu moja ya milioni, tisa saba tu zimeshamshinda. Akishuka hadi moja ya bilioni, tisa kumi zinatosha. Kiasi chochote atakachotaja, hata kiwe kidogo vipi, kitakuwa kikubwa kupita kiasi. Katika namba halisi (hizi za kawaida za kwenye mstari wa namba), kitu ambacho si hasi na ni kidogo kuliko kila kiasi chanya unachoweza kukitaja ni kimoja tu, sifuri. Namba mbili ambazo tofauti yake ni sifuri ni namba ileile.

Wengine hujibu kwamba pengo ni "0.000... halafu 1 mwishoni". Mwishoni wapi? Nukta zile tatu zinasema kuwa sifuri hizo haziishi.

Dhana: ni hila ya aljebra

Mwalimu anaandika x = 0.999..., anazidisha kwa kumi apate 10x = 9.999..., anatoa x, inabaki 9x = 9, yaani x = 1. Nusu ya darasa inahisi imechezewa kiini macho, na hapa nawapa haki yao. Hesabu ile ni sahihi, lakini imechukulia tangu mwanzo kwamba tisa zisizoisha zina thamani, na kwamba unaweza kuzizidisha na kuzitoa kama namba nyingine. Hilo nalo lilihitaji msingi. Mwanahisabati Mfaransa Augustin-Louis Cauchy, katika kitabu chake cha 1821, alieleza kikomo kuwa ni ile thamani ambayo mfuatano wa namba unaisogelea mpaka tofauti iwe ndogo kadiri utakavyo. Thamani ya desimali isiyoisha ni kikomo chake. Kikomo cha 0.9, 0.99, 0.999 ni 1, basi.

Dhana: inakaribia moja lakini haifiki

Anayesema hivi anafikiria kivuko kinachoelekea Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kila saa kimebakiza kidogo. Vivuko hapa ni 0.9, 0.99, 0.999 na wenzake, na kweli hakuna hata kimoja kinachogusa nchi kavu. Ila 0.999... yenyewe ni gati la ng'ambo. Haisogei, wala haingoji mtu aandike tisa nyingine.

Dhana: kikokotoo ndiye mwamuzi

Si mwamuzi. Ukiandika 0.33333333 × 3 kitakupa 0.99999999, na ni sawa, kwa sababu umekipa tatu nane tu. Skrini yake haina nafasi ya tarakimu zisizoisha.

Dhana: ni kituko cha namba 1 peke yake

2.999... ni 3. 0.4999... ni nusu, 0.24999... ni robo. Kila desimali inayokoma, isipokuwa sifuri, ina sura ya pili yenye tisa zisizoisha. Theluthi haina, kwa kuwa haikomi kamwe. Na hilo nalo linatokana na kuhesabu kwa makumi: tungehesabu kwa msingi wa tatu (yaani kwa matatu badala ya makumi, tarakimu zikiwa 0, 1 na 2 tu), theluthi ingeandikwa 0.1 tu na kuishia hapo, halafu ubishi wote huu ungehamia kwenye 0.222..., ambayo kwa msingi huo ndiyo 1.