Kwa Nini Zahanati Hukosa Dawa Ilhali Kaunti Imetengewa Fedha

Kila mara Seneti na Bunge la Taifa nchini Kenya zinapovutana kuhusu mgao wa kaunti, yaani fedha ambazo serikali ya kitaifa huzigawia kaunti, mjadala huishia kwenye swali moja tu: ni mabilioni mangapi? Mwaka wa kifedha wa 2013/14, ambao ulikuwa wa kwanza kamili kwa serikali 47 za kaunti, mgao huo ulikuwa Sh190 bilioni. Mwaka wa 2025/26 ulifika Sh415 bilioni. Takwimu hizo zina uzito wake, lakini sisi ambao kazi yetu ni kuzisoma bajeti za kaunti mstari kwa mstari tunajua kwamba hazimwelezi mama mjamzito iwapo atampata muuguzi kwenye zahanati ya karibu. Mambo mawili ndiyo yanayoeleza: fedha zilifika lini, na zilipofika ziliingia fungu gani.

Tuanze na sheria, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupotoshwa. Kifungu cha 203 cha Katiba ya 2010 kinataka kaunti zipewe kwa jumla kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato yote yanayokusanywa na serikali ya kitaifa. Asilimia hiyo, hata hivyo, haikokotolewi kwa makusanyo ya mwaka huu, bali kwa hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na hesabu hizo kwa kawaida huwa za miaka kadhaa iliyopita. Kwa hiyo waziri anaposema kaunti zimepewa zaidi ya kiwango cha Katiba, na gavana akajibu kwamba fungu lake ni dogo mno likilinganishwa na kodi inayokusanywa sasa, huenda wote wawili wanasema kweli.

Fedha zikishatengwa hugawanywa kwa fomula ambayo Tume ya Ugavi wa Mapato huipendekeza na Seneti kuipitisha. Fomula ya kwanza iliipa idadi ya watu asilimia 45, sehemu iliyo sawa kwa kila kaunti 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8 na uwajibikaji katika matumizi 2. Fomula ya tatu iliishusha idadi ya watu hadi asilimia 18 na kuingiza vigezo vinavyofuata majukumu yenyewe, kama vile afya, kilimo na barabara. Maseneta walivutana juu yake kwa vikao kadhaa mwaka wa 2020, na mwafaka ukapatikana tu baada ya kukubaliana kwamba mgao wa jumla uongezwe kutoka Sh316.5 bilioni hadi Sh370 bilioni, ili pasiwe na kaunti itakayopata chini ya ilivyozoea.

Kutengwa si kutumwa, na katika maoni yangu hapa ndipo ugatuzi huumia zaidi. Hazina ya Taifa inapaswa kutuma fedha kwa ratiba iliyoidhinishwa na Seneti, na Kifungu cha 219 kinakataza kuzichelewesha pasipo sababu au kuzikata. Huingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti ulioko Benki Kuu ya Kenya, na kaunti haiwezi kuchomoa hata shilingi moja kabla Msimamizi wa Bajeti hajaidhinisha. Kituo hicho cha ukaguzi ni cha lazima, na sioni sababu ya kukilaumu. Tatizo hutokea fedha zinapochelewa miezi miwili au mitatu mfululizo. Zikifika, mishahara hulipwa kwanza. Deni la dawa husubiri, mwenye lori la kuzoa taka husubiri, na mkandarasi wa kisima naye husubiri. Muuzaji dawa asiyelipwa hupunguza shehena inayofuata. Fedha nyingine huingia mwezi Juni, siku chache kabla mwaka wa kifedha haujafungwa tarehe 30, na huwa hazitumiki kwa wakati. Katika mwaka wa 2024/25, baada ya Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, kuondolewa, mgao wa Sh400.1 bilioni uliokuwa umepitishwa ulijadiliwa upya na kuishia Sh387.4 bilioni, huku kaunti zikiwa tayari miezi kadhaa ndani ya mwaka.

Swali la fungu nalo linaonekana vizuri kwenye jengo ambalo wasomaji wengi wamewahi kulipita: wodi ya uzazi iliyopakwa rangi, yenye bamba la ufunguzi ukutani, na kufuli mlangoni. Si lazima pawe na wizi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na ujenzi huhesabiwa humo. Muuguzi, kwa upande wake, huhesabiwa katika matumizi ya kawaida, na kanuni zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, kikomo ambacho kaunti nyingi zimekwisha kukivuka. Mwakilishi wadi, yaani mjumbe wa Bunge la Kaunti, naye (tuseme ukweli) huona faida zaidi katika ukuta unaoonekana kuliko katika mkataba wa muuguzi. Hivyo wodi hujengwa, na mtu wa kuihudumia hana mahali katika bajeti.

Kaunti pia hukusanya mapato yake yenyewe: kodi ya ardhi na majengo, leseni za biashara, ada za maegesho na ada za huduma. Narok ina Maasai Mara. Mandera haina chanzo cha namna hiyo, na hutegemea mgao wa kitaifa karibu kwa kila kitu. Kwa miaka mingi ada walizolipa wagonjwa hospitalini zilipelekwa makao makuu ya kaunti, na hospitali ikaomba fedha ilizozikusanya yenyewe ili inunue glavu. Sheria ya mwaka wa 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya sasa inaruhusu ada hizo zibaki kituoni. Mkazi anaweza kuiuliza kamati ya usimamizi ya zahanati yake kama akaunti ya kuweka ada hizo imeshafunguliwa, na kiasi gani kimetumika kwa dawa.

Wengi hujitokeza kutoa maoni mwezi Mei, makadirio ya bajeti yakiwa tayari mbele ya Bunge la Kaunti, na huomba wauguzi waongezwe. Ukomo wa matumizi ya kila idara huwa umeshapendekezwa katika waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti, ambao huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 28 Februari. Ombi la muuguzi linapaswa kufika kabla ya tarehe hiyo, likiambatana na jina la wodi iliyofungwa na mwaka ilipokamilika.