Diakonia ni nini, na inafanywaje usharikani

Diakonia ni huduma ya kanisa kwa wenye shida: wagonjwa, wajane, yatima, wazee wasio na mtu, wenye ulemavu, wafungwa. Walutheri wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hulitumia jina hili kila siku. Wakatoliki hufanya kazi hiyo hiyo kupitia Caritas, shirika la misaada la kanisa lao, na jumuiya ndogo ndogo. Inatofautiana na wema wa mtu mmoja mmoja kwa sababu ni wajibu wa usharika mzima, nao una watu waliopewa dhamana, fungu la fedha na hesabu. Mkristo akimpa jirani kilo mbili za unga, ametenda jema. Ila kama usharika haujui nyumba zipi za mtaa zinalala njaa, nani anazifuatilia na fedha ya mwezi ujao itatoka wapi, huo bado hauna diakonia.

Mahubiri mengi juu ya huduma huanzia Mathayo 25, "nalikuwa na njaa, mkanipa chakula". Sawa kabisa, lakini anayetaka kujua kazi yenyewe inavyopangwa asome Matendo 6. Pale Yerusalemu shida haikuwa uchoyo. Chakula kilikuwapo na kiligawiwa kila siku, ila wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliozungumza Kiyunani, walikuwa wakirukwa, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji kwamba wamepungukiwa na imani. Waliita mkutano, wakataja sifa za wanaofaa, yaani wenye kushuhudiwa wema, wenye Roho na hekima, kisha wakawaachia waumini wachague saba. Majina yote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao, ni ya Kiyunani. Kwa jinsi inavyoonekana, kapu lilikabidhiwa upande ule ule uliokuwa ukilalamika. Je, kamati ya diakonia ya usharika wenu ina mjane hata mmoja?

Paulo naye ana mambo ya kiutendaji ambayo mimbarini hutajwa kwa nadra. Katika 1 Timotheo 5 mjane anaandikwa kwenye orodha akiwa na miaka 60 au zaidi, na mwenye watoto au wajukuu hutunzwa kwanza na hao, ili kanisa lisilemewe. Katika 1 Wakorintho 16 kila mtu anaweka akiba siku ya kwanza ya juma, kadiri ya kufanikiwa kwake. Na katika 2 Wakorintho 8 mchango mkubwa unasimamiwa na Tito pamoja na ndugu wengine wawili, ili mtu asije akawalaumu.

Usharikani, majina ya wahitaji hutoka kwenye jumuiya za nyumba kwa nyumba, maana jirani ndiye anayejua nani amekaa wiki nzima bila kuwasha jiko. Wazee wa kanisa wa mtaa huenda kutembelea wawili wawili, na mmoja awe mwanamke kama mwenyeji ni mwanamke. Safari ya kwanza ni ya kusikiliza na kuangalia. Bibi anayelea wajukuu watatu akiletewa debe la mahindi bila hela ya mashine, atauza sehemu ya mahindi kwa bei ya hasara ili asagishe yaliyobaki. Mkaa nao hana. Tangu 2016 shule za serikali hadi kidato cha nne hazitozi ada, lakini mtoto bado anabaki nyumbani kwa kukosa sare, viatu na madaftari. Mgonjwa anaweza kuwa na dawa mezani na asizimeze, kwa sababu zinataka ashibe kwanza. Mambo haya hayaonekani kwenye fomu ya maombi.

Baada ya hapo kamati inaamua: ni dharura ya mara moja, ni msaada wa miezi kadhaa hadi mtu asimame, au ni wa kudumu? Yasipotenganishwa, wa mwezi mmoja atabaki kwenye orodha miaka, na mzee asiye na mtu atakosa nafasi. Mfuko wa diakonia uwe na hesabu yake peke yake, wenye kuidhinisha wawili au zaidi. Ukichanganywa na wa ujenzi umekwisha, kwa sababu bati halijawahi kutosha. Kila kinachotoka kiandikwe daftarini: tarehe, kiasi, sahihi au dole gumba la mpokeaji.

Pa kuharibikia ni pengi. Baadhi ya sharika huamka Krismasi tu, zikagawa mchele na sabuni, kisha kimya mpaka Desemba nyingine. Kuna kumpanga mjane mbele ya madhabahu apigwe picha na ndoo ya mafuta. Wenye haya zao huacha kujitokeza hata kama wana shida kubwa kuliko waliopigwa picha. Kuna kumnyima jirani Mwislamu, ilhali Wagalatia 6:10 inaanza na "watu wote" ndipo inataja jamaa ya waaminio. Na mahubiri yanayomtaka mwenye njaa atoe kwanza sadaka iitwayo "mbegu" ndipo apokee yamegeuza kapu juu chini.

Taarifa kwa washarika itolewe angalau kila robo mwaka: kiasi kilichoingia, kilichotoka, na idadi ya kaya zilizosaidiwa. Majina yabaki daftarini.