Chanjo ya DNA dhidi ya kifua kikuu (TB): maswali na majibu

Chanjo ya BCG ipo. Kwa nini itafutwe nyingine?

BCG ilianza kutolewa kwa binadamu mwaka 1921. Huwakinga vizuri watoto wadogo dhidi ya TB kali, hasa ile ya utando wa ubongo. Kwa watu wazima, kinga yake dhidi ya TB ya mapafu haitabiriki, na hao ndio wanaoeneza zaidi ugonjwa kwa kukohoa. TB bado inaua zaidi ya watu milioni moja kila mwaka. Hatuwezi kuridhika na hali hiyo.

Chanjo ya DNA inafanyaje kazi?

Huchukuliwa jeni ya bakteria wa TB, kwa mfano ile ya protini iitwayo Ag85, ikapachikwa kwenye plasmidi, yaani DNA ndogo ya duara. Ikidungwa msulini, baadhi ya seli huipokea na kuitengeneza protini hiyo zenyewe.

Hapo ndipo penye uzito. Bakteria wa TB hujificha ndani ya makrofaji, seli zilezile zilizokuja kuwameza, na humo kingamwili za kwenye damu haziwafikii kirahisi. Zinahitajika seli T, yaani seli za kinga zinazoitambua seli iliyoambukizwa. Protini ikitengenezwa ndani ya seli za mwili, seli T huamka vizuri.

Inaweza kuniambukiza TB?

Hapana kabisa. Haina bakteria, na jeni moja haiwezi kuunda bakteria mzima. Plasmidi pia hukaa kando ya kromosomu zako. Uwezekano wa kujipachika humo ni mdogo sana, na watafiti huuchunguza.

Mbona bado haijafika?

Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba chanjo hizi huwakinga panya. Kwa binadamu, DNA inayofika ndani ya seli ni kidogo, na kinga huwa hafifu. Ndiyo maana hujaribiwa mshtuko mdogo wa umeme unaofungua utando wa seli kwa muda, au kuchanganya chanjo hiyo na BCG. Mwaka 2021 India iliidhinisha ZyCoV-D, chanjo ya DNA ya UVIKO-19, ya kwanza kwa binadamu. Ya TB bado.

Kwa sasa nifanye nini?

Mtoto apate BCG mapema baada ya kuzaliwa. Kama ana VVU, fuata ushauri wa daktari. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukitokwa jasho usiku au ukikonda, nenda kapime makohozi. Ukianza dawa, maliza dozi hata ukipata nafuu, kwa sababu kuikatiza kunaweza kuzaa TB sugu.